Kabla ya Upinde wa Laki Mbili, Nionyeshe Mshale

Wasee, kuna swali moja naulizwa kila wiki hadi limeanza kunichosha: "Upinde gani ndio mkali?" Anayeuliza kwa kawaida ashatazama video arobaini za Wamarekani wakiwinda, ashachagua rangi, ashapiga hesabu ya doh, na sasa anataka tu mtu amwambie "nunua". Wengi wao ni wa kupiga shabaha, na hao hatuna shida nao. Ukikosa shabaha ya karatasi, karatasi haiumwi. Lakini kuna wengine wanapanga kwenda kuwinda kwa upinde Namibia ama Afrika Kusini. Hao ndio naandikia leo.

Msimamo wangu ni huu: upinde ndio kitu cha mwisho cha kuhangaikia. Kinachoamua kama mnyama ataanguka baada ya sekunde chache ama atazunguka porini siku mbili na jeraha ni mshale, chembe iliyo mbele ya huo mshale, na miezi uliyokaa ukijifunza kuutumia. Kama hivyo vitatu havijakaa sawa, usiende. Rudisha tiketi, tumia hizo pesa kwenda Lamu, utafurahi tu.

Kwa nini Namibia na si hapa? Kwa sababu hapa ni kesi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo. Usidhani eti upinde ni kitu cha kimya kwa hivyo hakuna atakayejua. Kule Namibia uwindaji ni halali, ila una masharti yake: kibali, mwindaji wa kazi anayekuongoza, na vipimo vya chini vya mshale ambavyo nitavifikia.

Najua pia kuna wale watakaosema hii mada yote ni ukatili. Nawaelewa, na wala sitoi hii kontenti kumuuzia mtu uwindaji. Lakini mtu akishaamua kwenda, swali la ukatili linaacha kuwa la mdomo. Linakuwa la gramu, la wembe, la kamba. Huwezi kuniambia unaheshimu mnyama halafu unamrushia mshale ambao hujawahi hata kuupima.

Tuanze na ule uongo ulioandikwa kwenye boksi. Upinde wa kisasa wa magurudumu unauzwa kwa spidi: "futi 340 kwa sekunde!" Sawa. Hiyo namba hupatikana hivi: upinde umekazwa pauni 70, umevutwa inchi 30, na mshale ni mwepesi sana, greini 350, ambayo ni kama gramu 23 hivi. Sasa jipime wewe. Nyosha mikono yote miwili, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, gawanya kwa 2.5. Hapo unapata mvuto wako kwa kukadiria. Msee mwenye inchi 70 anapata 28. Kila inchi unayopoteza inakula karibu futi 10 za spidi. Weka upinde kwa pauni 60 ambazo kweli unaweza kuzivuta bila kutetemeka, na ile 340 ishakuwa stori.

Na hata ukiipata, ni ya nini? Hebu tupige hesabu, msiogope, ni ya kalkuleta ya simu. Nguvu ya mshale kwa kipimo chao cha futi-pauni ni uzito wa mshale kwa greini, mara spidi, mara spidi tena, gawanya kwa 450,240. Chukua mshale mwepesi wa greini 350 unaokwenda futi 300 kwa sekunde: unapata kama 70. Chukua mshale mzito wa greini 500 kutoka kwa upinde ule ule, sasa unakwenda polepole, futi 250: unapata kama 69. Karibu sawa kabisa! Kwa hivyo yule anayejisifu spidi hajakushinda nguvu. Lakini zidisha uzito mara spidi mara moja tu, yaani ule msukumo wa kitu kinachokataa kusimama kikigonga mbavu. Mwepesi ana 105,000. Mzito ana 125,000. Huo mzito una msukumo karibu asilimia 19 zaidi, na msukumo ndio unaopitisha chembe hadi upande wa pili. Fikiria mpira wa tenisi ya meza na mpira wa kriketi. Rusha ule wa kwanza kwa hasira zako zote. Bado ungependa ukugonge huo kuliko wa pili.

Kuna jambo lingine la spidi ambalo watu hawalifikirii, nalo ni sauti. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 25, mlio wa upinde unamfikia kabla ya sekunde moja ya kumi kuisha. Mshale mwepesi unafika baada ya sekunde 0.27, mzito baada ya 0.33. Yaani wote wawili wanachelewa. Swala aliyeshtuka hushusha mwili ili aruke, na kwa robo sekunde anaweza kushuka kiasi cha mshale kupita juu ya mapafu. Ile tofauti ya 0.06 uliyonunua kwa maelfu haikuokoi. Kinachosaidia ni upinde usiopiga kelele, na mshale mzito hunyamazisha upinde kwa sababu unabeba nguvu nyingi zaidi badala ya kuziacha zikitetemesha kamba na mikono ya upinde. Kwa maoni yangu, hii peke yake inatosha kumaliza ubishi.

Namibia wenyewe wameandika jambo hili katika masharti yao. Kwa wanyama wakubwa kama tandala na choroa, mshale usipungue greini 450 na nguvu isipungue futi-pauni 65. Kwa wa kati ni greini 400 na 40. Kwa wadogo ni greini 350 na 25. Angalia vizuri: yule msee wetu wa greini 350 na futi 300 ana nguvu ya 70, amepita kwa nguvu, lakini mbele ya tandala hafai kwa sababu ya uzito. Sheria haikuridhika na spidi yake. Na hizo ni namba za chini kabisa, ni kama alama ya kupita mtihani. Mimi ningekwambia uwe kati ya 500 na 550 kama unataka tandala.

Kuna Mmarekani anaitwa Ed Ashby ambaye miaka ya 1980 alifanya majaribio mengi ya mishale kwa wanyama halisi kule Natal, Afrika Kusini. Yeye alisisitiza mshale mzito wa kuanzia greini 650 ili kuvunja mfupa mzito, uzito mwingi ukae mbele, na chembe ya makali mawili tu, imara, isiyo na vifaa vya kufunguka. Wafuasi wake wengine wamegeuza jambo hili kuwa dini, na hapo siwafuati. Greini 650 kwa swala ni kama kupanda mteremko wa Ngong na gunia la viazi. Mshale unaanguka haraka, na ukikosea umbali kwa mita tatu tu ushakosa. Lakini kwenye chembe nakubaliana naye. Zile chembe zinazofunguka kama mwavuli zikigonga ngozi zinatumia sehemu ya nguvu yako kujifungua, na zina sehemu ndogo zinazoweza kukataa. Kwa mtu wa safari ya kwanza, mwenye mvuto wa inchi 28 na pauni 60, chukua chembe isiyofunguka, nene, ya chuma kizuri. Halafu inoe. Hata kama imetoka dukani kwenye boksi lake, inoe. Ikishindwa kunyoa nywele za mkono wako bila kubembelezwa, bado haijawa tayari. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata. Makali butu yanasukuma mishipa kando, makali safi yanaikata, damu inatoka, ubongo unazima.

Sasa kabla mtu aniambie haya ni mambo ya wazungu, hebu turudi Tsavo. Waata waliwinda ndovu huko kwa upinde wa mbao vizazi na vizazi. Watu waliopima pinde zao waliripoti uzito wa kuvuta unaopita pauni 100. Wewe na magurudumu yako uko 60, na magurudumu yanakusaidia: ukishafika mwisho wa kuvuta, upinde wa kisasa unaokupunguzia asilimia 80 unakuachia pauni 12 tu za kushikilia. Mwata hakupunguziwa chochote. Alishika zote.

Lakini tazama walikoweka akili zao. Mshale ndio uliokuwa na kazi nyingi. Chembe ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti, ule wanasayansi wanaita Acokanthera, ambayo inashika moyo na kuusimamisha. Hiyo sumu ilifungwa kwa ngozi nyembamba isikauke, na ilivuliwa tu wakati wa kazi umefika, kwa sababu sumu iliyokauka ni kupoteza wakati na ndovu aliyekasirika si wa kupotezea wakati. Hata jina la kitaalamu la kemikali yake, ouabain, limetoka kwa neno la Kisomali la sumu ya mishale. Huku kwetu kulikuwa na maabara, jamani. Halafu mwaka wa 1948 Tsavo ikawa hifadhi, na miaka ya 1950 Waata wakasakwa na kufungwa kama majangili kwa kazi ambayo babu zao waliifanya hapo hapo. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na inaniuma. Ninachotaka uone leo ni kwamba mtu aliyejua upinde kuliko sisi sote alitunza chembe kama mboni ya jicho. Wewe hauna sumu na hauruhusiwi kuwa nayo. Una makali tu. Sasa mbona unayachukua kwa mchezo?

Turudi kwa vifaa. Uti wa mshale lazima ulingane na upinde, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Mshale ukiachiliwa haundoki umenyooka, unapinda kama samaki kisha unajinyoosha. Ugumu wake umeandikwa ubavuni kwa namba, mathalani 340. Namba hiyo inamaanisha kwamba uti ukishikwa kwenye nafasi ya inchi 28 na kuning'inizwa kitu cha gramu 880 katikati, unapinda inchi 0.340. Namba ikiwa ndogo, uti ni mgumu zaidi. Ukiongeza uzito mbele, uti unaanza kutenda kama umelegea, kwa hivyo unatakiwa kuchukua uti mgumu zaidi kuliko ule wa shabaha. Ukinunua chembe nzito na kuifunga kwenye mishale yako ya zamani bila kufikiria, mshale utaruka ukitingisha mkia, na mshale unaotingisha mkia unaingia ukiwa umelala upande. Nguvu yote inaishia kwa ngozi.

Dawa yake ni karatasi. Ibane kwenye fremu, simama hatua chache, piga mshale upite. Tundu likiwa safi, na alama za manyoya zikizunguka tundu hilo, uko fiti. Likiwa limechanika kwenda kando ama juu, kuna kitu hakijakaa, rekebisha. Halafu fanya jaribio la kweli: mita 30, mishale mitatu ya ncha za mazoezi, mitatu ya chembe halisi. Yote sita ikikaa pamoja, sawa. Chembe zikienda kwao na ncha za mazoezi kwao, bado. Usinidanganye eti utahamisha saiti tu na mambo yaishe. Mshale usionyooka hewani hauna haja na saiti. Na kama hauna mizani ya mishale, enda kwa sonara yeyote mwenye mizani ya gramu. Mshale wa greini 450 ni gramu 29.2. Pima yote, moja moja, pamoja na chembe yake.

Upinde wenyewe? Basi, dakika moja. Ukutoshee mvuto wako, hiyo ndiyo muhimu, kama kiatu. Ndiyo maana sipendi stori ya "nitakodi huko huko". Ukodi gari, ukodi hema, lakini upinde wa mtu mwingine wa inchi 30 kwenye mkono wako wa 28 ni balaa. Kuhusu uzito, jaribio ni hili: kaa kwenye kiti cha plastiki, nyoosha upinde mbele yako, vuta polepole bila kuuinua juu. Ukilazimika kulenga mawingu ndiyo upate nguvu za kuvuta, punguza pauni. Mwezi wa saba asubuhi nyanda za juu za Namibia baridi inakaribia sifuri, umekaa masaa matatu bila kusogea, misuli imelala, na tandala yuko mita 20 akitazama upande wako. Hapo hakuna cha kuinua mkono juu kama unapungia matatu.

Na kukaa ndiyo kazi yenyewe. Majira ya kiangazi wanyama wanakuja kwenye maji, na mwindaji anakaa kwenye kibanda cha maficho chenye dirisha dogo. Ndani ni giza, kwa hivyo unavaa nguo nyeusi, ile jaketi ya majani majani uliyonunua haina kazi. Fanya mazoezi hivyo hivyo: umekaa, ndani ya chumba chenye giza, ukipiga nje kupitia nafasi ndogo, mshale mmoja tu, wa kwanza, kabla misuli haijapata moto. Ule mshale wa kwanza wa asubuhi ndio unaohesabika. Wale wanaopiga mishale sitini Jumamosi na kuposti mitano mizuri wanajiburudisha, na ni sawa, ila si maandalizi.

Jifunze pia mwili wa mnyama. Wengi wenu mmejifunza kwa video za kulungu wa Amerika, ambako watu hulenga nyuma kidogo ya bega. Wanyama wa huku kwetu Afrika, moyo na mapafu yao yamekaa mbele zaidi na chini zaidi. Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele ukipanda juu hadi theluthi ya mwili, simama hapo. Ukipiga pale ulipoona kwenye video unapiga tumbo, na mnyama wa tumbo anakwenda mbali na anateseka. Mwongozaji atakuonyesha picha, lakini usingoje kufika huko ndiyo uanze darasa.

Na kama haya yote hayajakugusa, acha pesa ikuguse. Desturi kwenye mashamba ya uwindaji kule ni kwamba damu ikionekana, umelipa. Mnyama akipatikana ama asipatikane, bili ni ile ile. Kwa hivyo mshale mbovu utakulipisha tandala ambaye fisi na mbweha ndio watakaomla.

Kufunga mzigo ni haraka. Kasha gumu, upinde na mishale viende kwenye mzigo wa chini ya ndege, chembe zifunguliwe na kuwekwa kwenye kiboksi chake, na usome masharti ya shirika lako la ndege wiki kadhaa mapema, pamoja na ya uwanja unaobadilishia ndege. Beba kifyatulio cha pili, kwa sababu hicho kidude kidogo kikipotea safari imeisha. Beba kamba ya akiba iliyokwisha kunyooshwa na kupigiwa mishale kadhaa, lakini kumbuka upinde wa magurudumu haubadilishwi kamba kwa mikono, unataka mashine ya kuukandamiza. Uliza kama shamba wanayo. Wakisema hawana, tafuta ile ndogo ya kubeba. Ukifika, kabla ya kula, kabla ya selfi, piga mishale miwili mitatu ujue kama saiti ilisogea kwenye ndege.

Kuhusu kurudi nyumbani na pembe: usijaribu bila vibali. Kukamatwa Kenya na nyara ya mnyama bila karatasi ni kesi hata kama mnyama aliuawa kihalali nchi nyingine. Piga picha, kula nyama huko huko, ni tamu.

Kwa yule wa mwezi wa saba aliyeniandikia juzi, aliyenitumia picha tatu za upinde na hakuna hata moja ya mshale: una kama miezi minne. Agiza uti na chembe wiki hii, upinde ngoja. Kufikia mwezi wa sita uwe umekaa kwenye hicho kiti cha plastiki kila asubuhi, mshale mmoja, mita 20, sahani ya chai ndiyo shabaha. Ukigonga asubuhi kumi mfululizo nitumie video, nitaiposti. Ukikosa ya saba, anza kuhesabu tena kutoka moja.